Hesabu ya Mkulima: Safari ya Somo la Uchumi wa Kilimo Kutoka Makerere Hadi Morogoro

Ndugu zangu tuliopita katika madarasa haya, nanyi wadogo zetu mnaoyakalia hivi sasa, mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike juu ya somo nililolisomea shahada ya pili, yaani Uchumi wa Kilimo. Nilikubali upesi, kisha nikakaa siku nyingi bila kuandika neno. Sababu ni kwamba kila ninapolitaja somo hili mbele ya wenzangu wa rika langu, jibu huwa ni lile lile: "Kumbe ulikwenda Chuo Kikuu kusomea jembe!" Wao hucheka, nami hucheka pamoja nao. Lakini kicheko hicho kina historia yake, na historia hiyo inagusa chakula cha kila mmoja wetu.

Sote tunalikumbuka shamba la shule. Aliyechelewa paredi alipelekwa shambani. Aliyepiga kelele wakati wa kujisomea usiku alipelekwa shambani. Aliyefanya vema katika mtihani hakupelekwa popote. Basi tulimaliza masomo tukiwa tumefunzwa, bila mwalimu yeyote kutamka, kwamba kilimo ni adhabu ya wakosaji. Wala hayo siyo yaliyokusudiwa. Mwalimu Nyerere alipotoa maelezo yake ya Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi za shamba, kuweka hesabu zake, na kuamua mapato yatumike vipi. Jembe tulipewa. Daftari la hesabu hatukupewa. Uchumi wa Kilimo, kwa maneno machache, ni hilo daftari tulilonyimwa.

SOMO LENYEWE LILIKOTOKA

Mwanadamu amelima kwa maelfu ya miaka, lakini somo hili vyuoni halijafika umri mkubwa. Katika Marekani, idara ya kwanza ya uchumi wa kilimo ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1909, chini ya Henry C. Taylor. Swali lao la mwanzo lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulijibu: kwa nini wakulima wawili walio jirani, wenye udongo mmoja na mvua moja, mmoja anapata faida na mwingine anapata hasara?

Katika Urusi, bwana mmoja aliyeitwa Alexander Chayanov aliuliza swali jingine. Aliona kwamba familia ya mkulima mdogo haina mishahara ya kulipa. Baba, mama na watoto wanalima wenyewe na kula wenyewe. Je, hesabu ya faida na hasara ya kiwandani inaweza kutumika hapo? Katika kitabu chake cha mwaka 1925 alieleza kwamba familia hupima mambo mawili: mahitaji ya walaji waliomo nyumbani, na uchovu wa kazi ya ziada. Nyumba yenye watoto wengi wadogo hulima zaidi. Watoto wakikua na kushika jembe, mzigo wa kila mmoja hupungua. Mawazo hayo hayakuipendeza serikali ya Stalin. Chayanov alikamatwa mwaka 1930, akauawa mwaka 1937. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1966 tu, na tangu hapo kimesomwa sana na watu waliotaka kuelewa vijiji vya Afrika.

Wa tatu ni Theodore Schultz wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1964 alitoa kitabu kilichowashangaza wengi. Akitumia habari za kijiji cha Panajachel huko Guatemala na Senapur huko India, alisema kwamba mkulima wa jadi ni maskini, lakini si mzembe wala mjinga wa mahesabu. Ardhi, mbegu na nguvu alizo nazo amekwisha kuzigawa kwa namna inayokaribia kuwa bora kabisa. Tatizo ni kwamba vitu hivyo vyenyewe havina uwezo wa kumtoa hapo alipo. Anachohitaji ni maarifa mapya, mbegu mpya na shule. Mwaka 1979 Schultz alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Arthur Lewis, mzaliwa wa kisiwa cha St Lucia.

Wataalamu hawa hawakukubaliana katika mambo yote, na mpaka leo wanafunzi wao wanabishana. Lakini katika jambo moja Chayanov na Schultz walikuwa pamoja: mkulima mdogo ana hesabu yake kichwani, na mtaalamu asiyeijua hesabu hiyo hana haki ya kumwita mvivu.

KARANGA ZA KONGWA

Sisi Watanzania tulikwisha kulipata somo hilo kwa gharama kubwa kabla ya kuwa na chuo cha kulifundisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 tume ya watu watatu, ikiongozwa na John Wakefield, ilizunguka Afrika Mashariki kwa muda wa majuma tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege, ikapendekeza yafunguliwe mashamba 107 ya karanga, kila moja la ekari 30,000. Mengi kati ya hayo yangekuwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki.

Mwisho wake mnaujua. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji wakati wa kuvuna, na mvua haikufuata ratiba ya London. Wenyeji Wagogo, ambao ukame na njaa ya nchi ile waliijua kizazi hata kizazi, hawakuulizwa neno la maana. Mwanzoni mwa mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango, baada ya kutumia paundi milioni 36 hivi. Kilichobaki ni bandari ya Mtwara, mabaki ya mashine, na fundisho.

Wapo wanaosema fundisho ni kwamba wazungu hawakuijua Afrika. Mimi naona fundisho ni pana kuliko hilo, nalo linatuhusu hata sisi wenyewe. Mpango ulikuwa na takwimu nyingi, lakini zilikuwa takwimu za mahitaji ya mnunuzi. Hakuna aliyepima kwa ekari chache na kwa miaka michache kwanza. Mtu mweusi naye aweza kulifanya kosa hilo hilo, akiwa na kalamu na haraka.

MAKERERE HADI MOROGORO

Enzi hizo kijana wa Tanganyika aliyetaka kusomea kilimo kwa shahada alikwenda Makerere, Uganda. Tarehe 28 Juni 1963 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizinduliwa, na mafunzo yakagawanywa: kilimo kilikuwa Makerere, udaktari wa mifugo Nairobi, na sheria Dar es Salaam. Aliyetaka shahada ya juu zaidi mara nyingi alivuka bahari. Chuo cha Wye, huko Kent, Uingereza, kilikuwa na sifa kubwa katika uchumi wa kilimo, na wengine walikwenda Marekani. Waliporudi walikuwa wamejifunza kuhesabu gharama za shamba la ngano na ng'ombe wa maziwa. Kazi ya kuligeuza somo likafae shamba la mtama na mihogo ilikuwa juu yao.

Morogoro palifunguliwa chuo cha kilimo cha stashahada mwaka 1965. Mwaka 1969 kikawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Na mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa, kikabaki chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Misitu iliongezwa mwaka 1974 na mifugo mwaka 1976. Idara iliyofundisha somo letu iliitwa Uchumi Vijijini na Ugani, jina ambalo mimi nalipenda, kwa sababu liliwaweka mtu wa mahesabu na bwana shamba chini ya paa moja.

Tarehe 1 Julai 1984 kitivo hicho kilikuwa chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa amefariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, mkoani Morogoro, tarehe 12 Aprili mwaka huo huo. Baadaye njia ya shahada ya pili ilipanuka. Mwaka 2005 ulianza mpango wa pamoja wa vyuo vikuu vya Mashariki na Kusini mwa Afrika, Sokoine, Makerere, Nairobi na Egerton vikiwamo, ambapo wanafunzi wa shahada ya pili walisoma kwao kisha wakakutana kwa muhula mmoja katika Chuo Kikuu cha Pretoria. Babu zetu wa elimu walikwenda Wye peke yao. Wajukuu walikaa darasa moja na Mmalawi, Mkenya na Mzimbabwe.

PAMBA YA USUKUMA

Sasa nitoe mfano mmoja wa kazi ya somo hili. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilikwisha kuthibitisha kwamba pamba ikipandwa mapema huzaa zaidi. Mabwana shamba walihubiri hivyo mwaka hata mwaka. Wakulima walisikiliza kwa adabu, kisha wakapanda pamba kwa kuchelewa. Ofisini wakaandikwa kuwa wakaidi.

Katika miaka ya sitini mwanauchumi wa kilimo, Michael Collinson, alifanya kazi hapo Ukiriguru. Yeye hakuanza na pamba. Alianza na familia: nani analima, siku zipi, zao gani, na chakula kinatoka wapi. Matokeo ya kazi yake yalitoka katika kitabu mwaka 1972. Jambo kubwa lililoonekana ni kwamba ushauri ulikuwa umepimwa juu ya pamba peke yake, ilhali mkulima alikuwa akipima shamba zima pamoja na chungu cha jioni.

Ili wadogo zetu waelewe, tufanye hesabu ya darasani. Familia ina watu watatu wenye nguvu. Mvua za kwanza zinawapa majuma mawili mazuri ya kupanda, siku sita kila juma. Hizo ni siku-kazi 36. Tuseme kutayarisha na kupanda ekari moja kwa jembe la mkono, iwe mahindi au pamba, huchukua siku-kazi 12. Basi ekari tatu tu ndizo zitakazopandwa kwa wakati. Familia inahitaji ekari mbili za mahindi ili ifike mavuno yajayo, na inataka ekari mbili za pamba ili ipate fedha. Ekari moja lazima ichelewe. Ipi? Pamba ikichelewa, fedha zitapungua. Mahindi yakichelewa, watanunua chakula wakati ambapo kila mtu ananunua, na bei iko juu kabisa. Mwanauchumi huita jambo hili gharama ya kile ulichokiacha ili upate hiki. Mama mwenye nyumba haliiti jina lolote. Yeye anapanda mahindi kwanza.

Kwa hiyo ule uliodhaniwa kuwa ukaidi ulikuwa bima. Na dawa yake si mahubiri zaidi. Dawa ni jembe la ng'ombe la kuongeza ekari katika majuma yale mawili, au mbegu ya chakula inayowahi kukomaa, au duka la chakula lenye bei ya kuaminika.

HABARI YA BEI

Somo hili limetumika pia kuikosoa serikali, na hapo ndipo lilipoonyesha thamani yake. Mwaka 1972 lilitolewa azimio la "Siasa ni Kilimo" pale Iringa. Miaka miwili tu baadaye nchi ilikuwa inaagiza nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Wengine walisema sababu ni ukame, wengine walisema ni kuhamishwa kwa watu katika Operesheni Vijiji, wengine walisema ni bei ndogo. Yote matatu yalikuwa na ushahidi wake.

Katikati ya miaka ya sabini serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Nia yake ilikuwa ya haki: kwa nini mkulima wa Sumbawanga aadhibiwe kwa kuzaliwa mbali na Dar es Salaam? Na kweli, wakulima wa Rukwa, Ruvuma, Mbeya na Iringa waliitikia, wakatumia mbolea na mbegu bora, wakawa walishaji wa taifa. Lakini lori kutoka Songea halikuendeshwa kwa nia njema. Gharama ya kusafirisha ilibebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, na madeni yake yakarundikana Benki ya Taifa ya Biashara. Wakati huo huo vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na wakulima wa kahawa, pamba na korosho waliona sehemu yao ya bei ya dunia ikipungua huku gharama za mamlaka za mazao zikipanda. Mwanauchumi Frank Ellis, aliyekuwa Dar es Salaam, alilionyesha jambo hilo kwa tarakimu katika makala yake ya mwaka 1982. Mwaka huo sheria ya kurudisha ushirika ilipitishwa. Mwaka 1983 Sokoine aliongoza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Na chuo kilichopewa jina lake mwaka uliofuata kimefundisha tangu hapo, bila chuki, kwa nini gunia la mahindi huifuata bei kama maji yafuatavyo mteremko.

Nasema bila chuki kwa sababu walipoondoa bei moja na ruzuku ya mbolea, wakulima wale wale wa Nyanda za Juu Kusini ndio walioumia. Hakuna bei isiyo na mlipaji. Kazi ya mwanauchumi wa kilimo ni kumtaja mlipaji kwa jina kabla uamuzi haujapitishwa.

KAZI YA SHAHADA YA PILI

Sasa, shahada ya pili ni kitu gani? Mwaka wa kwanza ni darasani: nadharia ya mzalishaji na mlaji, takwimu, ekonometriki, masoko, na sera. Asiyependa hisabati asidanganyike, ni nyingi. Mwaka wa pili mtu huenda vijijini na madodoso, kisha huandika tasnifu. Sehemu hii ya pili ndiyo inayomtenga mtu na cheti chake.

Mwaka 2009 nilikuwa kijijini na dodoso la kurasa 14. Nikaketi uani kwa bibi mmoja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikaanza kuuliza. Alivuna magunia tisa ya mahindi. Aliuza sita mwezi wa Juni, bei ikiwa chini. Mwezi Februari akanunua mengine kwa bei karibu mara mbili. Nikaandika pembeni: "Hana elimu ya soko." Nilikuwa nafunga karatasi zangu aliponiambia, "Mjukuu wangu, umeniuliza nimeuza lini. Mbona hujaniuliza kwa nini?" Nikamwuliza. Akasema mjukuu wake alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano, na shule ilitaka ada na godoro mwezi wa Julai. Asingeuza Juni, mtoto asingekwenda.

Sikuwa na nafasi katika kurasa zote 14 ya kuandikia jibu hilo. Msimamizi wangu aliposoma yale maneno ya pembeni aliyakata kwa wino mwekundu, akaandika: "Rudi ukaulize wote." Nilirudi. Ilinichukua majuma matatu, na tasnifu yangu ikageuka: badala ya kupendekeza semina za masoko, nilipendekeza ghala la kijiji ambamo mkulima anaweza kuweka magunia na kukopa kwa dhamana yake, ili Juni apate fedha bila kupoteza Februari. Waliolala kitandani ndio wanaojua kunguni wake.

Nimelitaja jambo hili kwa sababu moja. Ndugu zangu, godoro lile lililetwa katika bweni la shule kama hii. Wengi wetu tulilala juu ya mahindi yaliyouzwa kwa bei ya hasara, kisha tukapewa kalamu, na sasa tunaandika kwamba wakulima wahamasishwe, wahimizwe, waelimishwe. Nami katika utumishi wangu nimeandika barua za namna hiyo. Siku hizi, kabla ya kutia sahihi, hujiuliza kama tumekwisha kuuliza kwa nini.

NENO KWA WADOGO ZETU

Vijana mlioko vidato vya juu, hasa mchepuo wa Uchumi, Jiografia na Hisabati, na ule wa Kemia, Biolojia na Kilimo, mlango huu uko wazi kwenu. Msiingie kwa kutafuta utajiri wa haraka, ajira hushindaniwa. Ingieni kama mnapenda hisabati na hamchoki kusikiliza wazee.

Lakini hakuna haja ya kungoja Chuo Kikuu. Waheshimiwa walimu, na ndugu zangu wa umoja wetu, natoa ombi moja. Shamba la shule lisiwe tena mahali pa adhabu. Liwekewe daftari. Wanafunzi waandike tarehe ya kupanda, saa za kazi, bei ya mbegu, madebe yaliyovunwa, na bei ya sokoni siku ile kama wangenunua badala ya kulima. Mwisho wa mwaka wasomewe wote: tumepata au tumepoteza, na kwa nini. Shamba likionekana lina hasara, wanafunzi waamue wabadili zao gani. Hayo ndiyo aliyoyataka Mwalimu mwaka 1967, nasi tuliyakosa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kwanza nitalileta mimi mwenyewe siku ya mkutano wetu, na kalamu yake. Msimu ukiisha, nitaomba niruhusiwe kuja kulisoma.